Tabaka la Ndani la Kiinitete na Huduma kwa Watoto Wachanga: Mfano wa Kampala

Ikisiri

Kiinitete cha mwanadamu, kama cha wanyama wengi, hujijenga kutokana na matabaka matatu ya seli. Makala haya yanafafanua tabaka la ndani, yaani endodemi, ambalo ndilo asili ya utando wa njia ya chakula na ya hewa, ini, kongosho na baadhi ya tezi. Yanaeleza jinsi tabaka hilo linavyoundwa, linavyokunjwa na linavyogawanyika, kisha yanalinganisha ratiba ya matukio hayo na ratiba ya huduma za uzazi kwa kutumia mfano wa jiji la Kampala. Hoja kuu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya tabaka la ndani hukamilika kabla mama wengi hawajafika kliniki. Kwa sababu hiyo, kasoro zake ni vigumu kuzuiwa na huduma inayoanzia hapo, ingawa nyingi zinaweza kutambuliwa katika saa 24 za kwanza za maisha ya mtoto. Makala yanapendekeza uchunguzi wa mtoto mchanga uimarishwe na uambatane na istilahi za Kiswahili zinazoeleweka bila utata.

Maneno muhimu: kiinitete, tabaka la ndani, kasoro za kuzaliwa, istilahi, Kampala

1. Utangulizi

Elimu ya viinitete mara nyingi huchukuliwa kuwa somo la maabara, lisilo na uhusiano wa moja kwa moja na bajeti ya wizara wala na kazi ya mkunga. Dhana hiyo ina kasoro. Mtoto anayezaliwa bila tundu la haja kubwa, au anayerudisha kila tone la maziwa kwa sababu umio wake haujaungana na tumbo, amebeba matokeo ya tukio lililotokea wiki chache tu baada ya mimba kutungwa. Anayefahamu tukio hilo na wakati wake anaweza kuamua kwa busara ni wapi fedha, watumishi na mafunzo vielekezwe.

Kampala ni mahali panapofaa kwa mjadala huu. Tangu Agosti 2015, ushirikiano wa utafiti kati ya Chuo Kikuu cha Makerere na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins umeendesha mfumo wa kufuatilia kasoro za kuzaliwa katika hospitali nne za jiji hilo: Mulago, Mengo, Nsambya na Lubaga. Katika mfumo huo, wakunga waliopewa mafunzo maalumu humchunguza mtoto mchanga, huandika wanachokiona na hupiga picha ya kasoro. Ni kazi ya thamani kubwa. Hata hivyo, kama itakavyoelezwa, tabaka la ndani huficha kasoro zake nyingi mahali ambapo jicho na kamera havifiki.

2. Dhana ya matabaka na suala la istilahi

Wazo la matabaka ya kiinitete lilitokana na yai la kuku. Mwaka 1817, Christian Heinrich Pander, aliyekuwa akifanya utafiti Würzburg, Ujerumani, alieleza kwamba kifaranga huanza kama utando mwembamba unaojitenga katika matabaka. Karl Ernst von Baer aliipanua hoja hiyo kuanzia mwaka 1828 kwa kuonyesha kwamba wanyama wengine wenye uti wa mgongo hufuata mpango huohuo. Katika miaka ya 1850, Robert Remak alitumia hadubini kuainisha matabaka matatu na kuyahusisha na tishu zinazotokana nayo. Wanyama kama konyeza wanatajwa kuwa na matabaka mawili tu, la nje na la ndani. Ukweli huo unaashiria kwamba tabaka la ndani ni la kale sana katika historia ya wanyama: kuwa na tumbo kulitangulia kuwa na moyo.

Katika Kiswahili, matabaka hayo yanaweza kuitwa tabaka la nje, tabaka la kati na tabaka la ndani, au kwa majina yaliyotoholewa: ektodemi, mesodemi na endodemi. Kila njia ina faida na hatari yake. Utohozi unaoishia na -damu haufai hata kidogo, kwa kuwa msomaji atadhani linazungumzwa tabaka la damu, ilhali damu hutokana na tabaka la kati. Jina la maelezo, yaani tabaka la ndani, linaeleweka haraka, lakini linaweza kumfanya mwanafunzi aamini kwamba viungo vyote vilivyo ndani ya mwili vinatokana nalo. Moyo, figo na wengu vimo ndani ya mwili, lakini asili yake ni tabaka la kati. Ubongo umo ndani ya fuvu, lakini ulitokana na tabaka la nje.

Neno ndani katika jina hili halina budi kueleweka kwa maana mahususi: ni upande unaoelekea uwazi wa mrija ambao baadaye utapitisha chakula na hewa. Anayemeza tonge la matoke huligusisha na seli zilizotokana na endodemi kuanzia koromeo hadi karibu na mwisho wa njia ya chakula. Makala haya yanatumia tabaka la ndani kama jina la kawaida na endodemi kama kisawe chake cha kitaalamu.

3. Kuundwa kwa tabaka la ndani

Mwishoni mwa wiki ya pili baada ya utungisho, kiinitete cha mwanadamu ni kisahani chenye safu mbili za seli. Katika wiki ya tatu mfuo hujitokeza juu ya kisahani hicho. Seli za safu ya juu husogea kuelekea mfuo huo, huzama ndani yake na kuenea chini. Zinazotangulia kuzama hujipenyeza katika safu ya chini na kuichukulia nafasi. Hizo ndizo endodemi. Zinazofuata hubaki katikati na kuwa tabaka la kati. Zinazosalia juu huwa tabaka la nje. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba seli za safu ya chini ya awali hufukuzwa zote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu viinitete vya panya ulionyesha kwamba baadhi yake hubaki na kuchanganyika na wageni, hata zikaingia katika ukuta wa utumbo.

Kinachoifanya seli iwe ya tabaka la ndani au la kati ni ishara za kikemikali zinazotoka kwa seli jirani. Protini iitwayo Nodal ina nafasi kubwa: seli zinazopata ishara hiyo kwa wingi na kwa muda mrefu huelekea kuwa endodemi, na zinazopata kidogo huelekea kuwa mesodemi. Ishara hiyo huwasha jeni kama Sox17, ambazo huwasha nyingine, hadi seli ikakosa njia ya kurudi nyuma.

Sehemu ya maarifa haya ilitokana na chura wa jenasi ya Xenopus, ambaye jamaa zake huishi katika mabwawa na vinamasi vya bonde la Ziwa Viktoria, wakitambulika kwa kucha fupi nyeusi za miguu ya nyuma. Mayai yake ni makubwa, huwekwa nje ya mwili, na seli zitakazokuwa tabaka la ndani huonekana wazi upande wa chini, zikiwa zimejaa kiini cha lishe. Umuhimu wa Sox17 katika kuunda endodemi ulielezwa kwa kutumia chura huyu mwaka 1997.

Mnyama huyohuyo alitumika katika jaribio la John Gurdon lililochapishwa mwaka 1962. Gurdon alichukua viini vya seli za utando wa utumbo wa viluwiluwi, yaani seli za tabaka la ndani zilizokwisha kukomaa, akavipandikiza katika mayai yaliyoondolewa uwezo wa viini vyao. Baadhi ya mayai hayo, ingawa machache, yalikua na kuwa vyura. Ilidhihirika kwamba seli ya utumbo haijapoteza maelekezo ya kuunda mwili mzima, bali imeyafunga. Kwa kazi hiyo Gurdon alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2012 pamoja na Shinya Yamanaka.

4. Kutoka utando hadi viungo

Katika wiki ya nne kisahani hujikunja. Kichwa na mkia huinama, na pande mbili hukutana mbele. Endodemi, iliyokuwa imelala kama mkeka, huviringika na kuwa mrija. Mrija huo hugawanywa katika sehemu tatu.

Sehemu ya mbele huzaa utando wa koromeo, umio, tumbo na mwanzo wa duodeni. Kutoka humo huchipua tezi ya thairoidi, mapafu, ini, mfuko wa nyongo na kongosho. Sehemu ya kati huzaa utumbo mwembamba uliobaki, kidole tumbo na sehemu ya mwanzo ya utumbo mpana. Sehemu ya nyuma huzaa utumbo mpana uliobaki, rektamu, sehemu ya juu ya njia ya haja kubwa, na utando wa kibofu cha mkojo.

Mambo mawili yanahitaji kusisitizwa. La kwanza ni kwamba tabaka la ndani halifanyi kazi peke yake. Chipukizi la ini huanza pale ambapo endodemi imekaribiana na moyo unaochipuka. Ishara kutoka tishu za moyo na za jirani yake ndizo zinazoielekeza iwe ini. La pili ni kwamba endodemi hutoa utando na tezi tu, huku misuli, mishipa ya damu na tishu za kushikiza zikitoka tabaka la kati. Neva za ukuta wa utumbo hutokana na seli zinazohama kutoka kingo za mrija wa neva, ambao ni wa tabaka la nje. Seli hizo zisipofika mwisho wa utumbo mpana, mtoto hupata ugonjwa wa Hirschsprung: njia ipo wazi, utando wake upo, lakini choo hakisukumwi. Kasoro ya utumbo, basi, si lazima iwe kasoro ya tabaka la ndani, na daktari anayetofautisha hayo mawili hutofautisha pia matibabu.

5. Pale utengano unaposhindikana

Kasoro nyingi za mrija wa endodemi ni za aina moja kimsingi: kitu kilichopaswa kugawanyika hakikugawanyika sawasawa, au uwazi uliozibwa kwa muda haukufunguka.

Mfano wa kwanza ni umio na bomba la hewa. Vyote viwili huanza kama mrija mmoja, na katika wiki ya nne na ya tano mrija huo hutengana. Utengano ukienda kombo, umio huweza kukatika na kuwa kifuko kisicho na mwisho, huku kipande cha chini kikiungana na bomba la hewa. Mtoto hutoa povu na mate mengi, hupaliwa anaponyonya, na huweza kufa kwa nimonia. Kasoro hii hukadiriwa kutokea kwa mtoto mmoja kati ya 3,500 hivi.

Mfano wa pili ni duodeni. Seli za utando wake huongezeka kwa kasi hadi kuziba uwazi, kisha hufunguka tena kufikia mwisho wa wiki ya nane hivi. Usipofunguka, mtoto hutapika mapema, mara nyingi matapishi yenye rangi ya kijani ya nyongo. Takriban theluthi moja ya watoto wenye kasoro hii wana pia sindromu ya Down.

Mfano wa tatu ni chumba cha nyuma, ambamo njia ya mkojo na ya haja kubwa huanza zikiwa pamoja. Kati ya wiki ya nne na ya saba, ukuta hushuka na kuzitenganisha. Hitilafu katika hatua hii huleta kuzaliwa bila tundu la haja kubwa, pengine kukiwa na fistula inayopeleka choo kwenye kibofu, mrija wa mkojo au uke. Makadirio ya kawaida ni mtoto mmoja kati ya 5,000.

Kwa kiwango cha jiji, hesabu hizi si ndogo. Hospitali ya Rufaa ya Kawempe pekee huhudumia zaidi ya uzazi 20,000 kwa mwaka. Kwa makadirio yaliyotajwa, idadi hiyo ya uzazi ingetarajiwa kuwa na watoto wanne hivi wasio na tundu la haja kubwa na watano au sita wenye umio uliokatika. Kila mmoja wao anahitaji upasuaji.

6. Kalenda ya kiinitete na kalenda ya kliniki

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 inapendekeza kuwa mjamzito ahudhurie kliniki mara nane, mahudhurio ya kwanza yakiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo. Kliniki huhesabu wiki hizo kuanzia hedhi ya mwisho, ilhali wataalamu wa viinitete huhesabu kuanzia utungisho, tofauti ya wiki mbili hivi. Kwa hiyo wiki ya 12 ya kliniki ni wiki ya 10 ya kiinitete. Kufikia hapo umio umekwisha kutengana na bomba la hewa, duodeni imekwisha kufunguka, chumba cha nyuma kimekwisha kugawanywa, na utumbo uliokuwa umetokeza kwenye kitovu umerejea tumboni. Hata mama aliyefuata mwongozo kikamilifu anaweza kufika wakati mrija umekwisha kuumbika.

Mkasa wa dawa ya thalidomaidi, iliyouzwa kuanzia 1957 hadi ilipoondolewa sokoni kuanzia 1961, uliuthibitisha wembamba wa dirisha hilo. Madhara yake yalitokea pale mama alipoimeza kati ya siku ya 20 na ya 36 hivi baada ya utungisho. Mbali na viungo vilivyofupika, ambavyo ndivyo vinavyokumbukwa, baadhi ya watoto walizaliwa na duodeni iliyoziba au bila tundu la haja kubwa.

Kinga ni bora kuliko tiba, lakini kinga lazima ilenge shabaha yake. Asidi foliki hupunguza kasoro za mrija wa neva, ambao hufungwa takriban siku ya 28. Mafanikio hayo ni ya tabaka la nje, na mshauri wa sera asiyahesabu kuwa yanatosha pia kwa kasoro za endodemi. Kisukari cha mama kisichodhibitiwa kabla ya mimba na katika wiki za mwanzo ni kihatarishi kinachofahamika kwa kasoro za aina nyingi, zikiwemo za sehemu ya nyuma ya mrija. Hatua yenye maana hapo ni kupima na kutibu kisukari kwa wanawake kabla ya kushika mimba. Kliniki ya wajawazito ina manufaa mengine: picha ya ultrasaundi katika miezi ya baadaye inaweza kuonyesha maji ya uzazi yaliyozidi, dalili kwamba huenda mtoto hamezi, na hivyo mama akajifungulie palipo na daktari wa upasuaji.

7. Saa 24 za kwanza

Kwa kuwa dirisha la kuzuia ni jembamba, dirisha la kutambua lazima lifunguliwe kikamilifu. Mfumo wa ufuatiliaji wa Kampala umethibitisha kwamba mkunga aliyefunzwa anaweza kubaini na kurekodi kasoro kubwa za nje kwa utaratibu thabiti. Katika kasoro tatu zilizoelezwa, hata hivyo, ni moja tu inayoonekana kwa macho. Umio na duodeni hazionekani kwa nje, na mtoto anaweza kuruhusiwa kwenda nyumbani akiwa mzima kwa sura.

Hatua zinazoweza kuzifichua ni rahisi. Kwanza, kukagua tundu la haja kubwa kwa kulitazama, na kuthibitisha kuwa mtoto ametoa kinyesi cha kwanza kupitia mahali panapostahili ndani ya saa 24. Pili, kwa mtoto mwenye povu na mate mengi, kupitisha mpira mwembamba mdomoni hadi tumboni. Ukikwama sentimita 10 hivi kutoka ufizi, umio umekatika na mtoto asinyonyeshwe. Tatu, kuchukulia matapishi ya kijani kuwa dharura mpaka ithibitishwe vinginevyo. Rufaa ya mapema ina uzito wa pekee: mtoto asiye na tundu la haja kubwa anayefika siku ya kwanza anaweza kufunguliwa njia ya muda ya choo tumboni angali na nguvu, anayefika siku ya tano, tumbo likiwa limevimba na utumbo pengine umetoboka, anaingia chumba cha upasuaji akiwa na nafasi finyu ya kupona.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Uganda inahifadhi zaidi ya wakimbizi milioni moja, na wengi waliotoka mashariki mwa Kongo huzungumza Kiswahili. Julai 2022, Baraza la Mawaziri la nchi hiyo liliamua kutekeleza azimio la Jumuiya ya Afrika Mashariki la kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuagiza kifundishwe shuleni. Maelekezo ya mtoto mchanga yakiandikwa kwa Kiswahili sanifu, chenye majina mepesi ya viungo na dalili, yanaweza kumsaidia mama wa Kampala, wa Goma na wa Kigoma kwa pamoja. Yakiandikwa kwa istilahi zenye utata, mama atajua kwamba mtoto ana tatizo la ndani bila kujua ni la ndani ya nini.

8. Hitimisho na mapendekezo

Makala yameonyesha kwamba tabaka la ndani huundwa katika wiki ya tatu, hukunjwa katika wiki ya nne na hukamilisha migawanyiko yake mikuu kabla ya wiki ya kumi. Kutokana na ratiba hiyo, mapendekezo matatu yanatolewa. La kwanza, sera za kinga zianze kabla ya mimba, hasa katika udhibiti wa kisukari na matumizi ya dawa kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa. La pili, mafunzo ya ukaguzi yaliyotolewa kwa wakunga wa hospitali nne za Kampala yaenezwe hadi vituo vya afya vya ngazi ya chini, yakiongezewa vipimo vya kasoro zisizoonekana kwa nje, na yaunganishwe na utaratibu wa rufaa wenye usafiri wa uhakika. La tatu, vyombo vya kukuza Kiswahili vya Afrika Mashariki vishirikiane na wakunga na madaktari kusanifu istilahi za kiinitete na za mtoto mchanga, na kila istilahi ijaribiwe kwa mama na kwa mwanafunzi kabla ya kuingizwa kamusini. Wiki za mwanzo za kiinitete haziko mikononi mwa mtumishi wa wodi ya uzazi. Siku ya kwanza ya mtoto iko mikononi mwake, na hiyo inaweza kupangiwa sera, bajeti na maneno.